Maziwa ya Parmuat, Ukurasa wa Arobaini na Saba

Niliondoka asubuhi bila mpango wowote. Kazi ya kupasua mawe kule Athi River ilikuwa imeisha wiki hiyo, chumba nilichokuwa nimekodi sikukipenda, na sikuwa na mtu wa kumuaga. Nilitia nguo zangu kwenye mfuko, nikafika barabarani, nikajiuliza kama niende kulia au kushoto. Kushoto kulikuwa na vumbi la saruji. Nikaenda kulia. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na kulia kulikuwa Kitengela, ambayo wakati huo ilikuwa safu mbili za maduka, soko la mifugo, na uwanda ambako pundamilia walikuwa bado wakivuka bila kumuuliza mtu.

Kwenye mlango mmoja wa mabati palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: anahitajika mtu wa kuzungusha. Niliingia kuuliza ni kuzungusha nini. Ndivyo nilivyoanza kazi ya miongozo, kazi niliyoifanya miaka tisa, na hakuna kazi nyingine iliyonikera kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mwenye kampuni hiyo ya miongozo tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyetoka upande wa magharibi, akaacha chaki, na bado alivaa tai hata siku ambayo mabati yalikuwa yanalia kwa jua.

"Umesoma mpaka wapi?" aliniuliza.

"Darasa la saba. Sikumaliza."

"Kwa nini?"

"Nilichoka kukaa."

"Hapa utasimama. Anza."

Kilichozungushwa kilikuwa mashine ya saiklostaili. Nyinyi mnaoandika miongozo kwa simu hamkuiona. Maandishi yalipigwa taipureta juu ya karatasi ya nta iliyoitwa stensili, herufi zikatoboa nta, stensili ikavishwa kwenye pipa lenye wino, nawe ukashika mkono wa chuma ukazungusha. Kila mzunguko ukurasa mmoja. Ukikosea mwendo, wino unamwagika na Mkurugenzi anakuja kukuambia bei ya wino.

Na mwongozo wenyewe ni nini? Ni kijitabu kinachomweleza mwanafunzi riwaya teule, yaani ile iliyochaguliwa kwa mtihani, ili asilazimike kuisoma. Sisi hatukusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na muhtasari wa kila sura, wahusika na sifa zao, maudhui, kisha maswali ya muktadha, yale yanayokupa maneno machache na kukuuliza ni nani aliyeyasema, wapi, na kwa nini. Mwanafunzi alikariri. Mwalimu, mara nyingi, alikariri pia.

Nikiwa kwenye mashine nilisoma kila ukurasa uliotoka. Siku moja nilimwambia Mhariri kwamba mjomba anayekufa katika sura ya tatu ya muhtasari wetu anazungumza tena katika sura ya tano. Mhariri alikuwa mama kutoka Machakos, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kusifu.

"Mutiso, umejuaje? Umesoma riwaya yenyewe?"

"Mara mbili. Saa ya chakula."

"Mara mbili! Mimi mwenyewe nimefika katikati." Akaangalia mlangoni. "Usimwambie Mkurugenzi. Kuanzia kesho utasoma prufu."

Prufu ni ile nakala ya kwanza inayosomwa ili kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Nilizisoma miaka miwili. Kisha nikatumwa Ongata Rongai, tulikokuwa na chumba cha mauzo pale Kware, nikawa natembea shule kwa shule mpaka juu Laiser Hill nikiwa na sampuli. Huko nilijifunza jambo moja lililonichosha kabisa: hakuna mwalimu aliyeniuliza kama mwongozo ni wa kweli. Waliniuliza kama una majibu.

Niliporudishwa Kitengela, kwenye miaka ya mwisho ya tisini, mashine kubwa za kuchapa zilikuwa zimekuja, saiklostaili imesukumwa kona, na Mkurugenzi alikuwa amerudi kutoka kozi ya jioni chuoni akiwa na nadharia.

Iliitwa saikolojia changanuzi. Alituletea nakala za kurasa zake zilizotoka nusu nyeusi, akatuambia tuzisome sote, pamoja na mlinzi. Nilizisoma usiku na mchana kwa sababu napenda kujua vitu, na nitasema kwa haki kwamba si upuuzi. Inasema ndani ya mtu kuna sehemu inayotaka tu, sehemu inayokataza, na nyingine inayosimama katikati ikijaribu kuzipatanisha. Inasema yale tusiyoweza kuyakubali tunayasukuma chini, huo ndio ukandamizaji, nayo yanakwenda kukaa mahali panapoitwa ung'amuzi bwete, ambapo hatupaoni. Lakini hayatulii. Yanatoka kwa ndoto, kwa ulimi unaoteleza, kwa kitendo ambacho mtu mwenyewe hawezi kukieleza. Na inasema mtoto wa kiume, akiwa mdogo sana, humtaka mama awe wake peke yake na kumwonea baba wivu, na kwamba kukua ni kutoka katika fundo hilo.

Shida ilikuwa Mkurugenzi. Baada ya kozi hiyo, kila mti uliosimama wima katika riwaya yoyote ulikuwa baba, na kila kisima kilikuwa mama. Fimbo ya mwalimu mkuu: baba. Mto uliofurika: mama amekasirika. Mhariri alimwuliza siku moja, kwa uso mkavu, basi la shule ni nani.

"Lina mlango?" Mkurugenzi akauliza.

"Liko na mlango."

"Basi ni mama."

Riwaya teule ya wakati huo ilikuwa riwaya ya makuzi, yaani ile inayomfuata kijana tangu utoto hadi anapokuwa mtu mzima. Sisi tuliiita kwa jina la kijana wake tu, Parmuat. Ni kitabu cha zamani, chembamba, kizuri mno, cha kijana wa Kimaasai ambaye baba yake anamtoa shuleni akachunge ng'ombe, anakuwa morani, na mwishowe anarudi darasani akiwa mrefu kuliko mwalimu wake. Mwandishi wake alikuwa bahili wa maneno. Alisema kilichotendeka, hakueleza.

Kuna mahali ambapo Parmuat anarudi nyumbani baada ya siku tatu za kutembea na njaa. Mama yake anamjazia kibuyu cha maziwa. Parmuat anakitazama, anageuza uso, hanywi. Mama anatoka nje, anasimama langoni, anatazama njia hadi jua linazama. Sura inaishia hapo.

Mkurugenzi alinipa sura hiyo niiandikie uchambuzi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika na si kusahihisha, na niliitaka sana kazi hiyo. Niliitazama sura ile siku nne. Maziwa, mama, kijana anayegeuza uso! Nadharia ilikuwa imekaa hapo kana kwamba imeandaliwa meza. Nikaandika, kwenye ukurasa wa arobaini na saba, kwamba kibuyu ni titi. Kwamba Parmuat analikataa kwa sababu amekandamiza mapenzi yake ya utotoni kwa mama na sasa yanatoka kama chuki. Kwamba mama anajua amechukiwa, ndiyo maana anakwenda langoni kumngoja baba aje kumtetea.

Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Mutiso," alisema, "hii ni ya chuo kikuu."

Sikulala vizuri kwa furaha. Jina kwenye jalada lilikuwa lake, na sikujali. Mwongozo ule uliuzwa kuliko yote tuliyowahi kutoa. Mkurugenzi akawa anaalikwa kwenye semina za walimu kueleza ukurasa wa arobaini na saba, na swali la kibuyu likawa linaletwa katika kila mtihani wa majaribio, alama nne, jibu likiwa langu neno kwa neno.

Baada ya hapo nilipewa eneo la Kajiado, nikawa ajenti wa mauzo. Kila wiki ya pili nilikuwa Kajiado mjini, na kila nikifika nilikula kwa Mama Silantoi, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na stendi. Nilikula pale miaka mitatu. Nilimsalimia kwa Kimaa nilichokuwa nacho, "Takwenya, yeyo," naye akajibu "Iko" na kunicheka matamshi.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilimsalimia na hakujibu. Aliweka karatasi ya mtihani mbele yangu badala ya chai. Binti yake, Silantoi, alikuwa kidato cha nne, na siku hiyo alikuwa nyumbani, amekaa kwenye benchi akiwa amenuna.

"Mutiso, wewe ni mtu wa vitabu. Huyu ameandika hii maneno unamjua?"

"Maneno gani?"

"Ati kijana anachukia mama yake."

"Nimeandika Parmuat anangoja mwenzake," Silantoi akasema. "Sufuri! Sufuri kwa nne, na ticha ameandika hapo chini, soma mwongozo. Mi' nimesoma kitabu chenyewe, aki."

"Anangoja mwenzake wa nini?" niliuliza.

Mama na binti walinitazama kama mtu aliyeuliza chai inatengenezwa na nini.

"Morani hakunywi maziwa peke yake," mama alisema polepole, kama anayeongea na mgonjwa. "Mpaka kuwe na morani mwingine wa rika yake. Hata akufe njaa. Akikunywa peke yake ni aibu, ni kama ameiba."

"Na mama anaenda langoni kufanya nini?"

"Kutafuta! Sasa wewe, mtoto amerudi na njaa ya siku tatu, utakaa? Anatafutia mtoto mtu wa kukunywa na yeye. Mimi nimesimama hapo langoni kwa sababu ya ndugu za huyu. Nimesimama mpaka miguu ikakataa. Siku moja niliita kijana wa boma yenye hatuongei nao, nikamwambia kuja, kuja tu, maziwa iko."

Riwaya nzima ilijigeuza kichwani mwangu. Lile lango, ile njia, lile jua linalozama. Mwandishi hakueleza kwa sababu aliwaandikia watu waliojua, na mimi nilikuwa nimechukua tendo la mapenzi makubwa kuliko yote katika kitabu kile nikaliita chuki, halafu nikalichapa.

"Ni nani ameandika?" Mama Silantoi akarudia.

"Ni mimi."

"Kwani huna mama?"

"Niko naye. Lakini yeye ni Mkamba."

"Basi ungeniuliza mimi. Umekula hapa miaka mingapi?"

Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimesoma kurasa za nadharia mpaka zikachanika, na mwenye jibu alikuwa ananimiminia chai.

"Sasa?" Silantoi akauliza. "Mtihani wa mwisho umebakisha miezi mitatu. Ikikuja hiyo swali niandike nini? Niandike ndugu zangu wanachukia mama?"

Nilimwahidi kwamba ukurasa ule utarekebishwa kabla ya mtihani. Niliahidi haraka, kama mtu asiyemjua mkubwa wake wa kazi.

Niliporudi Kitengela, Mkurugenzi alikuwa anatayarisha chapa ya pili. Nilimweleza yote, nikamwambia nitaandika ukurasa mpya siku hiyohiyo, hata chakula sitaki.

"Unajua nimealikwa wapi wiki ijayo?" alisema. "Semina ya walimu wa wilaya nzima. Kusema nini? Ukurasa wa arobaini na saba."

"Ukurasa huo niliuandika mimi, na si wa kweli."

"Si wa kweli kwa nani? Nadharia haizungumzii Wamaasai, bwana. Inazungumzia binadamu."

"Parmuat ni Mmaasai."

"Parmuat ni mhusika. Hana kabila. Ana ung'amuzi bwete."

Mhariri, aliyekuwa meza ya pili, alikohoa.

"Na nikuambie jambo lingine," Mkurugenzi akaendelea, sasa bila hasira. "Watahini nao wamesoma wapi? Katika mwongozo huuhuu. Wanafunzi wangapi wamekariri jibu hilo? Ukilibadilisha sasa, miezi mitatu kabla ya mtihani, utaangusha wengi ili umfurahishe mmoja."

Lililonikera zaidi ni kwamba halikuwa jibu la kipumbavu. Nilienda nje nikazunguka jengo mara tatu nikitafuta la kumjibu. Niliporudi nilisema tu kwamba hao wengi wamekariri uongo, na uongo huo ni wangu.

"Wewe hukumaliza darasa la saba," alisema, "na leo unataka kunifundisha nadharia niliyokufundisha mimi. Ukurasa unabaki."

Mhariri alisubiri Mkurugenzi aondoke kwenda benki. Akafungua kabati la kona, akatoa boksi la stensili za zamani, akaliweka juu ya ile saiklostaili iliyosahauliwa.

"Mimi naenda kula, Mutiso," alisema. "Leo nitakula polepole."

Katika kazi yetu kuna kitu kinachoitwa karatasi ya masahihisho. Kitabu kikishachapwa na kosa, unaandika sahihisho kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwa gundi penye kosa. Nilipiga taipu sentensi chache: kwamba Parmuat hamkatai mama, kwamba morani hanywi maziwa bila mwenzake, kwamba mama anakwenda langoni kumtafutia mwanawe mtu wa kunywa naye, na kwamba aliyeuandika ukurasa huu hakuuliza. Nilizungusha mpaka mkono ukafa ganzi. Mkurugenzi alirudi mapema, akaona vidole vyangu vyeusi, akaokota karatasi moja, akaisoma hadi mwisho.

"Toka," alisema. "Na hizi takataka zako toka nazo."

Huko ndiko kustaafu kwangu katika kazi ya miongozo. Hakukuwa na chai wala hotuba, na sikupewa saa ya ukutani. Nilifunga karatasi kwa kamba, nikanunua gundi, nikaelekea Kajiado.

Mwalimu wa Kiswahili wa Silantoi alikuwa kijana mwenye madaftari mengi mezani na subira kidogo. Alisoma karatasi mara mbili.

"Kumbe," alisema. "Na mimi mtu wa Kakamega ningejuaje?"

"Una wanafunzi wangapi wa Kimaasai darasani?"

"Zaidi ya nusu."

"Na wote waliandika chuki?"

"Wote isipokuwa mmoja." Alijikuna kichwa. "Walikuwa wanajua, sivyo? Walikuwa wanajua na wakaandika tu."

Alimwita Silantoi, akafuta sufuri mbele yangu, akaandika nne. Lakini kuhusu mtihani wa mwisho hakuwa na la kumwahidi. Akamshauri aandike yote mawili, kwanza jibu la mwongozo, kisha lile analolijua.

"Yaani niandike uongo kwanza ndio nikubaliwe ukweli?" Silantoi aliuliza.

Nilifungua gundi. Tulibandika nakala zote za darasa lile sisi watatu, na tulipomaliza mwalimu akasema, "Na Bissil? Na Namanga? Kule pia wanatumia hicho kitabu chako." Alisema kwa upole lakini nilisikia kama amenisukuma.

Mkiniuliza sasa, nikiwa mzee, kama naidharau ile nadharia, nitasema hapana. Imenisaidia kuelewa mambo mengi, pamoja na Mkurugenzi. Ninachokidharau ni haraka. Nadharia hukupa jibu kabla hujamaliza kuuliza, na mtu kama mimi, aliyeacha shule mapema, huona jibu la namna hiyo ni cheti. Nililishika kwa mikono miwili. Ningekuwa na cheti halisi pengine ningelishika kwa nguvu zaidi, sijui. Najua tu kwamba mkiandika juu ya mtoto na mama yake, tafuteni kwanza mama mmoja mumuulize alikuwa anafanya nini pale langoni. Hamtapoteza hata nusu saa. Mimi nilipoteza miaka, na wanafunzi ambao sitawajua walipoteza kitu kikubwa zaidi, kwa sababu walifundishwa kwamba wanachokijua kwao si jibu.

Bissil walinipokea shule moja, nyingine wakanifukuza, mwalimu mkuu akiniuliza nina kibali cha nani. Kutoka huko nilipewa lifti na lori la chumvi. Dereva aliniuliza nabeba nini, nikamweleza kisa chote tangu kibuyu hadi lango, naye akasema tu, "Na wewe umeacha kazi juu ya maziwa?"

"Nimefukuzwa."

"Juu ya maziwa."

Namanga tulifika mchana, malori yamepanga mstari mpaka nje ya mji, akina mama wa shanga wakikimbilia kila gari lililosimama. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nilitafuta gesti mbali kidogo na mpaka, nikapata moja yenye ua na miti miwili, na mwenye gesti, mama mnene wa sauti kubwa, akatoa daftari la wageni.

"Wewe ni wa malori?"

"Hapana, mama. Wa shule."

"Mwalimu?"

"Hapana."

Aliniangalia, akaangalia ule mzigo wa karatasi, akaamua kwamba haimhusu. "Unalala siku ngapi?"

Maisha yangu yote nilikuwa najibu swali hilo kwa neno moja tu: "Moja." Nilitua mzigo sakafuni.

"Shule za sekondari ziko ngapi huku?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, akasimama, akamwita mtu jikoni kumuuliza kama ile ya kule nyuma ya mlima bado iko, akajibiwa iko, ila barabara imeharibika na ni ya kwenda kwa miguu. Akahesabu tena tangu mwanzo.

"Basi chukua chumba cha nyuma," alisema, akinipa ufunguo. "Hakuna kelele ya malori, na iko na meza."